Nyumba ya Sita Kutoka Gatini

Mji wa kwanza niliojua njia zake zote sijaukanyaga hadi leo. Ni Lamu, mji mdogo wa bandari kisiwani, pwani ya Kenya, alikozaliwa baba yangu. Mimi nimezaliwa Jinja, Uganda, nimekulia huko huko mtaa wa Mpumudde, na sasa nafundisha Kiswahili Mbale, chini ya mlima, watoto wanaoamini kwamba lugha hii ni ya askari na ambao huniita afande nikiwapa kisogo. Lakini uniamshe usingizini, nitakutoa gatini Lamu mpaka mlangoni kwetu bila kupotea. Ndivyo nilivyojidai kwa zaidi ya miaka arobaini.

Baba alitufundisha mji huo kwa mdomo. Alikuja Jinja kijana kutafuta kazi gatini, enzi ambazo meli zilipakia mabehewa ya garimoshi na kuvuka nayo ziwa. Kazi ya gatini ilipokwisha, akarudia ufundi wa kwao wa kushona kofia kwa mkono. Baada ya magharibi tulikaa watoto watano mkekani kumzunguka, naye bila kuinua macho kwenye sindano alisema, "Haya, tumeshuka." Maana yake tumeshuka chomboni, tuko gatini, tumeipa bahari mgongo na tunaingia mjini. Hapo kila mtoto alipokea nyumba yake kwa zamu.

Ya kwanza ilikuwa ghala la boriti. Aliyepata ghala alipaswa kueleza kwamba miti ya mikoko ilikatwa huko visiwani ikauzwa hadi Arabuni, na kwamba vyumba vyote vya Lamu ni vyembamba kwa sababu upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi. Ya pili ni kinu cha ufuta, ambako ngamia aliyefungwa macho alizunguka kutwa akikamua mafuta. Ya tatu ni ya fundi wa milango ya nakshi. Ya nne ni chuo cha Kurani, na mwenye zamu hiyo alilazimika kusoma aya moja, kwa hiyo tulimsukumia mdogo wetu. Ya tano ni ya muuza halua, ambayo tuliipigania mpaka kufinyana. Halafu tulisema wote kwa pamoja, haraka, "Tupite!" Halafu ya saba, kwetu.

Kwetu palikuwa na ghorofa mbili. Palikuwa na daka, kile kibaraza cha mlangoni chenye viti viwili vya mawe ambapo wanaume hupokea wageni, na mlango uliochongwa maua na minyororo. Aliyefika hapo alipaza sauti, "Hodi!" Kisha sote tukageukia jikoni kumngojea mama aseme karibu.

Hakusema hata siku moja. Alisema, "Mikono mmenawa?" Au, "Nyinyi napiga kelele, chakula inaungua." Tulicheka, tukaenda kunawa. Mama yangu ni Mnubi wa Bugembe, nje kidogo ya Jinja, katika wale wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan, na tuliamini ukali kidogo ni sehemu ya urithi wake, pamoja na kusuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi nyingi vilivyojaa ukutani kwetu hadi leo.

Baba hakutupa nyumba tu, alitupa na historia. Alisema mji ule ulikuwa ukipokea watu wa Bara Hindi, wa Maskati, wa Hadramauti, na kwamba mtoto wa Lamu alijua kusema "hapana" kwa lugha nne kabla hajaota meno. Kisha zikaja meli kubwa, zikaipenda Mombasa kwa kina chake, na reli ikaanzia Mombasa, na Lamu ikabaki na milango yake mizuri na punda wake. Akifika hapo huvuta uzi, anasema reli hiyo hiyo iliyomnyang'anya mji wake ndiyo iliyomleta Jinja, kwa hiyo hajui aichukie au aishukuru. Nilipokuwa msichana na gati la Jinja nalo likanyamaza, nilimwona amesimama akilitazama kwa muda mrefu. Nilimhurumia bila kujua ninamhurumia nini.

Sasa ni mzee sana. Mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili, moyo nao umechoka. Mfungo uliopita, tukifuturu, aliweka tende chini akasema, "Nataka kujua kama nyumba yetu ingaliko. Nikishajua, sina neno tena." Safari ya basi mpaka pwani daktari aliikataa hata kabla hatujamaliza kuuliza. Kila nilipotoka Mbale kwenda kumwona, swali lilikuwa hilo hilo, ananiuliza mimi utadhani nimeshinda huko: ingaliko? Nami nilianza kuogopa. Miji hubomolewa. Kama nyumba imeanguka, ni nani angemwambia?

Nyumba ya sita niliambiwa na wanafunzi wangu. Niliwapa kazi ya kuandika mtaa wao, nyumba kwa nyumba, na kwa mfano nikawaandikia ubaoni mji wa baba: moja, ghala, mbili, kinu, mpaka mwisho. Nilijisikia mwalimu kwelikweli. Darasa likanong'ona, kisha likacheka, kisha likaniambia kwa sauti moja kwamba kutoka tano nimerukia saba. Nikageuka kuwakemea. Nikatazama ubao. Maisha yangu yote nilikuwa nimeimba "tupite" bila kujiuliza tunapita nini. Chaki ilinitoka mkononi, nao wakafurahi zaidi.

Mchana huo huo nilimpigia mama simu.

"Mama, nyumba ya sita ni ya nani?"

"Ah! Mwalimu mzima, ndiyo leo unajua hesabu?"

"Nakuuliza kweli."

"Uliza baba yako. Mimi sikuzaliwa kule." Akakata.

Nikamtafuta mwalimu mwenzangu wa Lamu, dada mmoja ambaye sijawahi kumwona ila tunabishana naye kuhusu sarufi katika kundi la simu la walimu wa Kiswahili. Nilimweleza shida ya baba. Akajibu hata kabla sijamaliza: Jumamosi saa nne asubuhi atashuka gatini na simu yake, ataipa bahari mgongo, na mzee ataongoza.

Jumamosi hiyo nilipofika Mpumudde nilimkuta baba amevaa kanzu nyeupe na kofia aliyoishona mwenyewe, amejipaka udi. Amekaa pale anapokaa siku zote, chini, karibu na mlango. Katika maisha yangu sijamwona baba amekaa juu ya kiti cha mbele. Harusini hukaa karibu na viatu, msikitini hukaa safu ya mwisho, na watu humsifu kwa unyenyekevu.

"Bwana anasafiri bila mizigo," mama alisema huku akisuka tabaga yake. "Hata sanduku hakuna?"

"Niache mimi," baba akasema, lakini alitabasamu.

Simu ililia. Niliiweka juu ya mto mbele yake, sauti nje, kwa kuwa picha haikuwa na faida kwake. Ikaingia kwanza kelele ya maji na mashine ya boti, kisha punda akalia kwa nguvu zake zote. Baba alishtuka akashika goti langu. Machozi yakamtoka hapo hapo, kwa punda tu, nami nikamwonea wivu punda.

"Shikamoo mzee," sauti ya yule dada ikasema. "Tumeshuka. Niende wapi?"

"Marahaba mwanangu. Ipe bahari mgongo. Waona ghala?"

Ghala lilikuwa sasa duka la simu. Baba akacheka, akasema vema, bado ni biashara. Kinu cha ufuta hakikuwapo, ila kiwanja chake kilikuwapo, watoto wanacheza mpira. Kwa fundi wa milango palisikika nyundo na patasi, na baba akamwomba yule dada asimame kidogo tu, asikilize. Chuo kilikuwapo; sauti za watoto zikasikika zikikariri, na midomo ya baba ikawafuata. Kila nyumba niliyoisikia nilihisi moyo wangu ukipanda, kwa sababu tulikuwa tunakaribia, na sikujua tutakuta ukuta au kifusi.

"Hapa ni kwa halua," dada akasema. "Wanauza hadi sasa, mzee. Nanusa iliki."

"Ya tano," baba akasema kwa sauti ndogo.

"Naona ile kubwa ya ghorofa mbele. Ina daka na mlango wa nakshi. Imekuwa nyumba ya wageni, imepakwa chokaa, imependeza sana. Alhamdulillahi, mzee, ingaliko!" Akasita. "Kabla yake pana kijumba kimebanwa katikati. Cha chini, mlango mfupi. Pana bibi amekaa kizingitini asuka ukili. Nipite?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari umeshafunguka kusema tupite, kwa mazoea. Baba akaniwekea mkono.

"Simama hapo," alisema.

Mama aliacha kusuka.

"Muulize huyo bibi," baba akasema, "jiwe la kusagia lingaliko uani?"

Tulisikia swali likiulizwa. Tukasikia sauti nyingine, ya mwanamke mzee, kavu na ya uchovu: "Nani auliza habari za jiwe langu?"

Baba alivua kofia. "Mwambie ni mwana wa mpishi."

Nilitaka kuuliza mpishi gani. Lakini baba alikwisha kunigeukia, macho yake meupe yakitafuta uso wangu mahali usipokuwapo, akasema maneno ambayo nadhani alikuwa ameyashika tangu kabla sijazaliwa. Nyanya yake alinunuliwa kwa ajili ya nyumba ya saba. Mama yake alizaliwa humo, uhuru wa watumwa ukamkuta humo, na akaendelea kupika humo kwa kuwa hakuwa na pengine pa kupikia. Usiku walilala katika kijumba cha sita. Yeye baba kwenye lile daka hakuwahi kukaa hata siku moja, alilifagia. Alipokwenda Bugembe kumposa mama, wazee wa upande wa kike walimuuliza, kwenu wapi? Akaona aibu, akasema ya saba. Na baada ya hapo, kila mtoto aliyezaliwa, akamfundisha uongo ule ule kwa wimbo.

Nilikuwa na hasira, nakiri, si ya ile nyumba, ila ya miaka yote niliyomwita nyanya yangu "tupite".

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Mimi najua tangu mwaka ya kwanza."

Baba akamgeukia.

"Mtoto ya ghorofa hawezi osha sufuria mpaka chini yake nje. Wewe nasugua mpaka inakuwa kioo. Nafikiri mimi sina macho?" Alisema hivyo kwa ukali, akaanza kusuka tena. "Na babu yangu? Walimtoa Sudan na bunduki kwa mkono. Nani alimuuliza kama anataka kuja? Ungesema kweli siku ile, wazee wangekupa mimi bei ya chini, basi."

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na baba vilevile. Tulisahau kabisa kwamba simu iko wazi.

"Wewe," ile sauti kavu ikaita kutoka kisiwani. Yule bibi alikuwa ameichukua simu mwenyewe. "Wewe ndiwe wa Jinja?"

"Ndimi."

"Mimi ni mtoto wa jirani, nimehamia hapa baada ya mama yako. Nilikuwa nimeanza shule. Mimi ndimi niliyekuwa nikimsomea mama yako barua zako."

Baba akaziba uso kwa kofia. Nilijua kwa nini baadaye, aliponieleza: aliacha kuandika mwezi alioposa. Aliogopa jibu lingefika mkononi mwa wakwe kabla yake. Alijiambia ataandika tena baada ya harusi, kisha baada ya mtoto wa kwanza, kisha baada ya nyumba, na siku aliyoandika kweli alijibiwa na mtu mwingine kwamba mama yake amekwisha kuzikwa. Hiyo ndiyo nyumba aliyokuwa akiiruka. Aibu ya utumwa ilikuwa mlango wake tu.

"Hakuwa akijua kusoma," bibi aliendelea, "lakini mji wako aliujua. Jioni akikaa hapa kizingitini, atutembeza Jinja sote, watoto wa mtaa. Nikwambie? Mwashuka garimoshi. Mkono wa kulia ziwa, lakini maji yake hayana chumvi, msiogope. Mwapita miti mikubwa yenye ndege wabaya wenye vipara. Mwashuka Masese kwa wavuvi, dagaa wameanikwa chini, msiwakanyage. Nyumba ya kwanza mwuza chai, ya pili fundi baiskeli, ya tatu chumba cha mwanangu, ameweka pazia la buluu."

Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno. Pazia la buluu, alinong'ona. Lilikuwako.

"Hapo hapo barua zilikwisha. Basi kila siku twafika Masese, pazia la buluu, naye asema hodi. Twamngoja. Hajibu mtu. Acheka, asema labda ametoka kazini, tutakuja kesho." Bibi akavuta pumzi. "Hata alipokuwa hawezi kuinuka, ndiko alikokuwa akienda. Na mimi nimewatembeza wajukuu zangu. Wajua njia mpaka Masese, hawajui zaidi."

Nilidhani baba atavunjika. Nilisogea nimshike. Lakini aliketi sawa, akavaa kofia yake, akaipapasa simu mpaka akaipata, akaishika kwa mikono miwili.

"Chukua wajukuu," alisema. "Waite waje. Tuko Masese?"

Tulisikia miguu ya watoto na vurugu ya kugombea simu. "Tuko Masese," bibi akasema.

"Haya. Lipeni ziwa mgongo. Msingoje kwenye pazia, sipo hapo tena, nimehama. Pandeni barabara ya juu. Vukeni reli, tazameni pande mbili, ingawa garimoshi siku hizi ni la nadra. Mwaona soko kubwa? Kwenye kona akaa mama wa Kisoga auza ndizi, msalimieni, ni mkali lakini ana moyo. Piteni msikiti. Mimi nimo safu ya mwisho." Alikuwa akienda polepole, kama zamani, na nilitambua sindano isiyokuwapo ikipanda na kushuka kati ya vidole vyake. "Sasa kilima. Bodaboda watawapigia honi, msipande, tunatembea. Hapa ndipo Mpumudde. Ya kwanza duka la mkaa. Ya pili shule ya watoto wadogo. Ya tatu, fundi wa redio. Ya nne, mjane wa polisi. Ya tano wanachoma chapati, msipigane."

Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Ya sita," alisema, "mlango wa kijani. Kuna mke wangu. Kuna binti yangu ametoka Mbale. Ukutani tabaga zisizo na idadi. Mimi nimekaa chini karibu na mlango. Hapo ndipo kwetu. Tumefika, mama."

Nilihesabu kwa vidole, mimi mwalimu. Kweli, kutoka kona ya mtaa ni ya sita. Nimeishi humo na sikuwahi kuhesabu.

Punda akalia mbali. Kisha yule bibi, kwa sauti isiyokuwa kavu tena, akasema kama alivyomsikia mama wa baba akisema miaka yote ile.

"Hodi."

Baba alinisogezea simu. Mimi nilikuwa nalia, sikufaa kitu. Mama ndiye aliyeweka tabaga chini, akajifuta mikono kwenye shuka lake la gurbaba, akainama karibu na simu.

"Karibu, mama," alisema. "Ingia. Chakula iko tayari."